Muhammed Said Abdulla na Raha ya Kusoma

Aghalabu wanafunzi wetu hufungua kitabu kwa hofu ya mtihani, wala si kwa raha. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alituachia vitabu vya kusomwa kwa namna nyingine.

Alianza akiwa mkaguzi wa afya, akageukia uandishi wa habari mwaka 1948, kisha tangu 1958 hadi 1968 akahariri jarida la Mkulima. Ndiye aliyembuni Bwana Msa, mpelelezi mtulivu mwenye kiko, ambaye pamoja na rafikiye Najum hufumbua mafumbo kwa akili badala ya bastola. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957-58, ikachapishwa 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi na nyinginezo. Alifariki mwaka 1991.

Wapo wanaozibeza hadithi za upelelezi kuwa ni porojo. Hata hivyo, anayemfuata Bwana Msa hujifunza kupima ushahidi na huokota Kiswahili kitamu pasipo kushurutishwa. Mwalimu, mpe mwanafunzi wako kitabu kimoja, wala usimtungie maswali.