Siku 80 bila kutembea: miguu ya Dk. Livingstone na kidonda cha mguu nyumbani kwako

Mama, na wewe mlezi: kama unaishi Buzebazeba au mtaa mwingine wa Kigoma-Ujiji, huenda umeshawapeleka watoto kuona Kumbukumbu ya Dk. Livingstone pale Ujiji, penye miembe. Watoto huambiwa kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta mwaka 1871. Jambo ambalo mara nyingi halisimuliwi ni kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo, ng'ambo ya ziwa, msafiri huyo alikaa ndani ya kibanda siku 80 kwa sababu ya vidonda vya miguu.

Tunakusimulia maisha yake kwa upande huo wa miguu. Vidonda vya aina hiyo bado vipo, na watoto wetu wanatembea kwenye matope, mawe na vichaka kama yeye. Tofauti ni kwamba wewe una njia ya kuvizuia ambayo yeye hakuwa nayo.

Daktari aliyeishi kwa kutembea

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia ya kipato kidogo. Akiwa na miaka 10 alianza kufanya kazi katika kiwanda cha pamba, huku akisoma usiku. Baadaye alisomea udaktari, akapata cheti chake Glasgow mwaka 1840, kisha akaenda kusini mwa Afrika kama mmisionari.

Mwaka 1844 simba alimjeruhi na kumvunja mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa huo haukuunga vizuri tena. Lakini miguu yake ilibaki imara, na kwa miaka mingi ilimpeleka kila alikotaka. Ikichubuka njiani, ilipona yenyewe. Akazoea kuiamini.

Wengi wetu tuko hivyo. Mguu uliopona mara kumi wenyewe tunauacha na mara ya kumi na moja.

Sanduku la dawa linapotea

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho, akitafuta chanzo cha mto Nile. Januari 1867 wapagazi waliomtoroka waliondoka na sanduku lake la dawa. Tangu siku hiyo alikuwa daktari asiye na dawa.

Alifika Ujiji tarehe 14 Machi 1869 akiwa mgonjwa wa kifua, amebebwa sehemu ya njia na watu wa mfanyabiashara Mohamad Bogharib. Alitarajia kukuta mizigo yake, lakini mingi ilikuwa imeibwa, na dawa zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Julai mwaka huohuo alivuka ziwa kwenda Manyema, akafika Bambarre mwezi Septemba. Bambarre ndiyo Kabambare ya leo, mashariki mwa Kongo.

Kumbuka hali ya mwili wake wakati huo. Alikuwa na miaka 56, homa zilimrudia mara kwa mara, chakula hakikutosha, na meno mengi yalikuwa yameng'oka. Mwili wa namna hiyo hauna akiba ya kufunga jeraha.

Miguu inakataa

Mwishoni mwa Juni 1870 alitoka Bambarre akiwa na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Wengine walikuwa wamemwacha. Njia ilikuwa msitu, mvua na matope. Miguu ilichubuka kama kawaida, ila safari hii haikupona. Michubuko ikageuka vidonda, na vidonda vikaanza kula nyama. Tarehe 22 Julai alirudi Bambarre akichechemea.

Aliacha maelezo ya wazi ya hali yake. Alikuwa na vidonda vitatu. Akikanyaga chini, maji ya damu yalitoka. Usiku maumivu yalizidi hata usingizi ukakosekana. Ngozi ya pembeni ilikuwa ya moto, na kidonda kilipanuka kila siku. Hilo ndilo watu wetu waliloliita donda ndugu.

Kwa maelezo hayo, vidonda vyake vinafanana sana na vile ambavyo madaktari huviita vidonda vya nchi za joto. Huanza na mkwaruzo mdogo, mara nyingi chini ya goti, kwenye muundi, kifundo au mguu wenyewe. Bakteria wa aina zaidi ya moja huingia kwa pamoja kutoka kwenye matope au maji machafu. Huwapata zaidi watoto, vijana na watu wenye lishe duni. Kisipotibiwa, kidonda kinaweza kufika kwenye misuli na mfupa. Kikikaa miaka mingi bila kufunga, kinaweza hata kugeuka saratani ya ngozi.

Wenye kupumzika na wasioruhusiwa kupumzika

Livingstone hakuwa peke yake na vidonda hivyo. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita hapo, na yeye, ingawa aliipinga biashara ya watumwa, alitegemea ukarimu wa wafanyabiashara haohao. Usiku alisikia vilio vya watumwa wenye vidonda kama vyake. Aliona vikila nyama, mishipa na mfupa. Wengine walibaki vilema, wengine walikufa.

Yeye alikuwa na kibanda, mahali pa kulala na watu wa kumletea maji. Wao walilazimishwa kutembea na mizigo juu ya vidonda vilevile. Kukaa bila kukanyaga ni sehemu ya matibabu, na mtu asiyepewa nafasi ya kukaa amenyimwa tiba.

Mama, hapa tunakuomba ujiangalie na wewe. Mtoto akiumia mguu utamkalisha. Ukiumia wewe, utachota maji, utakwenda sokoni, utaanika dagaa, na kidonda utakifunga kitambaa hadi jioni. Kama kuna mtu nyumbani anayeweza kukupokea kazi kwa siku chache, mwambie leo. Nawe baba, shangazi au kijana mkubwa unayesoma haya, ipokee kazi hiyo.

Alichopaka, na kwa nini usikiige

Katika siku hizo alijaribu au kushuhudia tiba kadhaa. Waarabu walitumia nta ya nyuki iliyochanganywa na mrututu, ikapakwa ya moto na kufungwa. Wenyeji walifunika kidonda kwa jani gumu au kipande cha kibuyu, ila kwake kilimkereketa. Mwishowe alisaga jiwe la kijani lenye shaba, malakiti, akalichanganya na maji na kulipaka kwa unyoya. Aliamini kwamba hilo ndilo lililomsaidia.

Tarehe 10 Oktoba 1870 alitoka nje ya kibanda kwa mara ya kwanza.

Je, jiwe ndilo lililomponya? Hatuwezi kusema hivyo, kwa sababu kwa wiki zote hizo alikuwa pia amepumzisha miguu. Mtu mmoja kupona hakuthibitishi dawa. Kwa hiyo usiweke kwenye kidonda mrututu, unga wa betri, majivu, udongo, kinyesi cha mnyama wala mafuta ya mawese. Mawese yabaki jikoni.

Viatu, na mwisho wa safari

Livingstone alirudi Ujiji Oktoba 1871 akiwa amekonda sana, akakuta mali yake imeuzwa. Siku chache baadaye Stanley alifika na chakula na dawa, na mwili wake ukaanza kurudi. Desemba waliondoka pamoja kwenda Unyanyembe. Njiani miguu ilimuuma tena, mara hii kwa sababu ya viatu vibaya vilivyombana, hata ikabidi avikate.

Unaponunua viatu vya mitumba, mpeleke mtoto mwenyewe, ikiwezekana jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana. Asimame, kisha uangalie: mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako. Kiatu kinachobana huleta malengelenge, sugu na kucha zinazoingia kwenye nyama.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, akisumbuliwa na kuhara damu. Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake hapo chini ya mti, wakakausha mwili na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Huko Uingereza alitambuliwa kwa ule mkono uliovunjwa na simba, akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Waliomfikisha pwani walitembea miezi mingi. Miguu yao nayo inastahili kukumbukwa.

Mtu wako akiumia mguu leo

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka, au yaliyochemshwa na kupoa. Ondoa mchanga na uchafu.
2. Kama damu inatoka, bana kwa kitambaa safi mpaka ikome.
3. Funika kwa gozi au kitambaa kilichofuliwa na kukauka juani. Badilisha kila siku, au mapema zaidi kikilowa.
4. Mkalishe, na mguu uinuliwe juu ya mto au stuli. Asitembee kwenye matope wala kuingia ziwani mpaka pafunge.
5. Mpe chakula cha kujenga mwili: dagaa, samaki, maharage, mayai, mboga za majani na matunda.
6. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Watoto huipata ndani ya chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14. Jeraha la msumari au lenye udongo huenda likahitaji sindano nyingine.

Kagua pia nyayo za watoto kila jioni. Funza, ambao Livingstone hakuwakuta Ujiji kwa sababu walifika pwani ya Angola kutoka Amerika mwaka 1872 na kusambaa baadaye, hufungua mlango uleule wa bakteria. Usiwachokonoe kwa pini au mwiba unaotumiwa na watu wengi. Nenda zahanati.

Usisubiri, nenda kituo cha afya ikiwa:

- kidonda kinapanuka, kinanuka, kinatoa usaha, au kingo zake zimekuwa nyeusi;
- mguu umevimba, ni wa moto, au kuna mstari mwekundu unaopanda;
- mgonjwa ana homa, au hawezi kukanyaga;
- ana kisukari, hata kama jeraha ni dogo;
- kidonda hakiumi kabisa, au ngozi imekufa ganzi;
- siku chache zimepita na hakuna nafuu.

Huko watasafisha kidonda, wataondoa nyama iliyokufa, watatoa antibayotiki ikihitajika na kupima sukari. Kidonda kikubwa kinaweza kuhitaji rufaa, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, kwa picha ya mfupa au kupandikizwa ngozi. Ukiambiwa urudi kubadilisha bandeji, rudi hata kama maumivu yameisha. Kidonda kinachoanza kupona ndicho rahisi kukisahau.