Sultani Salahuddin na Mji wa Yerusalemu

Sultani Salahuddin ni mmoja wa watu wachache katika historia ambao sifa zao zimeandikwa na rafiki zao na adui zao vile vile. Waislamu humkumbuka kwa sababu aliurudisha mji wa Yerusalemu mikononi mwao katika mwaka wa 1187. Wakristo wa Ulaya, ambao alipigana nao miaka mingi, walimsifu pia. Hata Dante, yule mshairi mkuu wa Italia, alimweka katika utenzi wake mahali pa watu wema wa kale wasiokuwa Wakristo. Nia yangu ni kueleza maisha yake kwa ufupi, na hasa jinsi alivyoutendea mji ule alipoupata, maana hapo ndipo tabia yake ilipojulikana.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Yusuf. Salahuddin ni jina la heshima, na maana yake ni Wema wa Dini. Alizaliwa yapata mwaka wa 1138 katika ngome ya Tikrit, kando ya mto Tigris, nchini Iraki. Hakuwa Mwarabu bali Mkurdi. Baba yake, Ayub, alikuwa mkuu wa ngome ile, lakini ilimpasa kuondoka na jamaa zake wakati mtoto alipokuwa mchanga. Wakaenda kumtumikia Zengi, mtawala wa Mosul, naye akampa Ayub kazi ya kuulinda mji wa Baalbek. Basi Yusuf akakulia Baalbek, kisha Dameski. Katika ujana wake alipenda elimu ya dini, na pia mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo juu ya farasi. Hakuna aliyedhani kwamba kijana huyu angekuja kuwa jemadari mkubwa.

Ili tuifahamu kazi yake yafaa turudi nyuma kidogo. Katika mwaka wa 1095 Papa Urban wa Pili alihutubia watu katika mji wa Clermont, nchini Ufaransa. Aliwataka mashujaa wa Ulaya waende kuitwaa Yerusalemu, ambayo ilikuwa chini ya utawala wa Waislamu tangu karne ya saba. Maelfu ya watu waliitika, wakashona msalaba wa kitambaa katika nguo zao, na kwa hiyo vita hivyo vikaitwa Vita vya Msalaba. Tarehe 15 Julai 1099 waliuvunja ulinzi wa mji wakaingia. Waliwaua Waislamu na Wayahudi waliowakuta humo, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, hata wale waliokimbilia mahali patakatifu. Kisha wakasimamisha ufalme wao, na Kuba ya Mwamba wakaifanya kanisa. Waislamu wa nchi zile hawakuweza kuwatoa. Hawakukosa watu wala silaha, walikosa umoja. Kila mji ulikuwa na amiri wake, na kila amiri alimwogopa jirani yake Mwislamu kuliko alivyomwogopa mgeni.

Zengi alipokufa, mwanawe Nuruddin alitawala Shamu. Kati ya mwaka wa 1164 na 1169 Nuruddin alipeleka jeshi Misri mara tatu, likiongozwa na Shirkuh, amu yake Salahuddin. Salahuddin alikwenda pamoja na amu yake, ingawa yasemekana kwamba mara ya tatu hakupenda kabisa kusafiri. Shirkuh akawa Waziri Mkuu wa Khalifa wa Misri, lakini akafa baada ya miezi miwili tu. Ndipo Salahuddin, mwenye umri wa miaka 31 hivi, alipowekwa mahali pake. Yasemekana wakubwa wa Misri walimchagua kwa kudhani kwamba kijana huyo angekuwa mwepesi wa kuongozwa. Walijidanganya. Katika mwaka wa 1171 aliuondoa ukhalifa wa Wafatimi, na Nuruddin alipofariki katika mwaka wa 1174, Salahuddin aliutwaa mji wa Dameski bila vita.

Toka hapo ilimchukua miaka 12 kuiunganisha miji ya Waislamu. Aliupata mji wa Aleppo mwaka wa 1183, na Mosul ikakubali kumfuata mwaka wa 1186. Wako waliomlaumu kwamba katika miaka hiyo alipigana na Waislamu wenziwe mara nyingi kuliko alivyopigana na Wazungu, na lawama hiyo ina ukweli wake. Wala hakushinda kila mara. Katika mwaka wa 1177 alishindwa vibaya huko Montgisard na Mfalme Baldwin wa Nne wa Yerusalemu, kijana wa miaka 16 aliyekuwa na ugonjwa wa ukoma. Salahuddin aliponea chupuchupu, akarudi Misri na mabaki ya jeshi lake, akaanza upya.

Hata ikawa kuna mapatano ya amani kati ya pande mbili. Lakini bwana mmoja wa Wazungu, jina lake Reynald, mwenye ngome ya Kerak, aliyavunja mapatano hayo kwa kuuteka msafara wa wafanya biashara uliokuwa ukitoka Cairo kwenda Dameski. Mfalme mpya wa Yerusalemu, Guy, alimwamuru arudishe mali na watu, naye akakataa. Basi vita vikawa havina budi kuja.

Salahuddin aliuzingira mji wa Tiberia, ulio kando ya Bahari ya Galilaya, ili awavute adui zake watoke mahali penye maji. Tarehe 3 Julai 1187 jeshi la Wazungu liliziacha chemchemi za Saffuriya, likafunga safari katika jua kali. Askari wa Salahuddin walikuwa wamejipanga kati yao na ziwa. Usiku ule Wazungu walilala bila maji, na walipokuwa na kiu hivyo, nyasi kavu zilichomwa moto ili moshi uwapate. Kesho yake, karibu na kilima cha Hattin, walishindwa kabisa, na Mfalme Guy akatekwa.

Guy aliletwa hemani mwa Salahuddin, akapewa maji baridi. Kwa desturi ya nchi ile, mateka akipewa maji na mwenye nyumba amesalimika. Lakini Reynald, ambaye alivunja ahadi, Salahuddin alimpiga kwa upanga wake mwenyewe, akauawa. Baadaye aliamuru wauawe pia mateka wa vile vyama viwili vya watawa wapiganaji. Jambo hilo lilikuwa gumu, na anayesimulia habari za Salahuddin haimpasi kulificha.

Sasa njia ya Yerusalemu ikawa wazi. Mwezi wa Septemba aliuzingira mji. Ndani mlikuwa na wakimbizi wengi sana na mashujaa wachache, nao waliongozwa na Balian wa Ibelin. Kuta zilipoanza kubomoka, Balian alitoka kuja kuzungumza. Salahuddin alikuwa amenuia kuutwaa mji kwa upanga, kama Wazungu walivyoutwaa. Balian akamjulisha kwamba wakikosa matumaini watawaua mateka Waislamu waliomo, watazibomoa nyumba takatifu, kisha watatoka kufa wakipigana. Salahuddin alifanya shauri na wakuu wake, akakubali kupatana. Kila mwanamume angetoa dinari 10, na kila mwanamke dinari 5, nao wapewe siku 40 za kutoa fedha na kwenda zao kwa amani.

Tarehe 2 Oktoba 1187 mji ulifunguliwa. Miaka 88 ilikuwa imepita tangu yale mauaji ya mwaka wa 1099, na katika jeshi la Salahuddin hakuna asiyejua habari zake. Lakini siku ile damu haikumwagika. Balian alitoa dinari 30,000 kwa ajili ya maskini 7,000. Al-Adil, ndugu yake Sultani, aliomba apewe watu 1,000 katika wale walioshindwa kujikomboa, na alipopewa akawaacha huru. Sultani mwenyewe aliwaachilia wazee, akawapa zawadi wajane wa mashujaa waliokufa. Askofu mkuu alitoka na dhahabu nyingi ya makanisa, akilipa dinari zake 10 tu kama mtu mwingine. Wakuu wa jeshi walimshauri Sultani amnyang'anye mali ile, lakini alikataa, kwa kuwa alikwisha toa ahadi yake. Hata hivyo maelfu ya maskini walikosa mtu wa kuwakomboa, wakapelekwa utumwani.

Wengine walimshauri alibomoe Kanisa la Kaburi Takatifu, ili Wakristo wasiwe na sababu ya kurudi. Hilo pia alilikataa, na kanisa hilo lingali likisimama. Wayahudi waliruhusiwa kukaa tena mjini. Katika msikiti wa Al-Aqsa aliweka mimbari nzuri ya mbao iliyotengenezwa Aleppo kwa amri ya Nuruddin. Mimbari hiyo ilikaa humo hata ilipoteketea kwa moto katika mwaka wa 1969.

Habari za kuanguka kwa Yerusalemu ziliitikisa Ulaya. Wafalme wakaja na majeshi mapya, na mkubwa wao katika vita alikuwa Richard wa Uingereza, aliyeitwa Moyo wa Simba. Tarehe 12 Julai 1191 waliupata mji wa Acre baada ya kuuzingira karibu miaka miwili. Fidia ilipochelewa, Richard aliwaua mateka wapatao 2,700, na Salahuddin naye akalipiza kwa kuwaua mateka aliokuwa nao. Lakini Richard alipougua homa, Salahuddin alimpelekea matunda na theluji ya milimani ili kumburudisha. Watu hawa wawili hawakuonana uso kwa uso hata siku moja. Mwezi wa Septemba 1192 walifanya mapatano: Wazungu wabaki na pwani toka Tiro mpaka Yafa, Yerusalemu ibaki kwa Waislamu, na Wakristo wasio na silaha waruhusiwe kwenda kuhiji humo.

Salahuddin alifariki Dameski tarehe 4 Machi 1193, akiwa na umri wa miaka 55 hivi. Mtu huyu aliyetawala Misri na Shamu aliacha katika hazina yake dirhamu 47 na sarafu moja ya dhahabu, kwa maana vingine vyote alikwisha vigawa. Ilibidi fedha za mazishi zikopwe. Kaburi lake liko karibu na msikiti mkuu wa Dameski.

Baada yake wanawe na ndugu yake waligombania utawala. Katika mwaka wa 1229, yaani miaka 42 tu toka siku ile ya ushindi, mpwa wake Al-Kamil, mtoto wa ndugu yake Al-Adil, aliwapa Wazungu Yerusalemu kwa mapatano. Kwa hiyo kile alichokipata kwa upanga hakikudumu mikononi mwa jamaa zake. Kilichodumu ni habari ya siku 40 ambazo adui zake walipita langoni salama, kwa sababu alikwisha waahidi.

Shuleni kwetu Waislamu na Wakristo tunalala bweni moja, na tukisoma habari hizi ni rahisi kila mtu kuhesabu makosa ya upande mwingine. Pande zote mbili ziliua mateka, na pande zote mbili zilitumia jina la Mungu. Nionavyo mimi, yafaa tumpime mtu kwa yale aliyoyatenda wakati alipokuwa na nguvu juu ya adui yake na hakuna wa kumzuia. Wahenga husema ahadi ni deni, na Salahuddin aliilipa hata kwa wale ambao wangeweza kudhulumiwa bila mtu wa kuwatetea.