Otto Lilienthal, Mwanafunzi wa Korongo
Korongo weupe, ambao wengine wao huja nchi yetu wakikimbia baridi ya Ulaya, ndio waliomfundisha mtu huyu. Otto Lilienthal alizaliwa Anklam, Ujerumani, mwaka 1848. Tangu utoto yeye na nduguye Gustav waliwatazama korongo wakiruka. Mwaka 1889 alitoa kitabu juu ya kuruka kwa ndege. Hata mwaka 1891 akaanza kuruka kutoka vilimani kwa mabawa ya fito na kitambaa, pasipo mtambo. Aliifikia mita 250. Tarehe 9 Agosti 1896 alianguka, akafa kesho yake, akaacha mke na watoto wanne. Lakini habari ya kifo chake iliwaamsha ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, nao mwaka 1903 wakaruka kwa mtambo. Basi sisi wa Misigiri tuonapo eropleni juu, tumkumbuke aliyepanda asivune.