Az-Zahrawi: Tabibu aliyetanguliza sindano kabla ya kisu

 

Ndugu Waislamu, leo tunayaangalia maisha ya mwanazuoni ambaye jina lake halikosi kutajwa kila yanapozungumzwa mambo ya upasuaji. Huyu ni Abul Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, ambaye vyuo vya Ulaya vilimwita Albucasis. Tunamkumbuka hasa kwa jambo moja linalogusa nyumba zetu mpaka leo, nalo ni namna ya kuujua uvimbe kabla ya kuukata.

Az-Zahrawi alizaliwa karibu na mwaka 936 katika Madinatuz-Zahra, mji uliojengwa na Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu karibu na Cordoba, katika nchi ya Andalusia ambayo leo ni Hispania. Nasaba yake inarejeshwa kwa Ansari wa Madina, wale waliompokea Mtume (S.A.W.) alipohama Makka. Cordoba ya zama zake ilikuwa na misikiti, maktaba na mafundi wa kila namna, nayo elimu ilithaminiwa kama dhahabu. Katika mazingira hayo Az-Zahrawi alisoma tiba, akaifanyia kazi kwa muda wa takriban miaka 50, na matunda ya kazi hiyo akayaweka katika kitabu chake kikubwa kiitwacho At-Tasrif, chenye sehemu 30, alichokikamilisha karibu na mwaka 1000.

Sehemu ya 30 ya kitabu hicho ndiyo iliyompatia umaarufu. Humo alieleza upasuaji kwa utaratibu, akachora picha za vyombo vipatavyo 200, kila kimoja na matumizi yake, ili mwanafunzi aliye mbali aweze kumwelekeza mhunzi.

Katika utangulizi wa sehemu hiyo anasimulia kisa cha kuhuzunisha alichokishuhudia mwenyewe. Mwanamke mmoja alikuwa na uvimbe shingoni. Tabibu mjinga akaupasua pasi na kujua kilichomo wala mishipa iliyopita hapo. Akaikata mishipa ya damu, na yule mwanamke akavuja damu mpaka akafa mbele yake. Az-Zahrawi hakukisimulia kisa hicho ili kumkashifu mtu, bali alitaka kuwaonya wanafunzi wake kuwa mkono usiotanguliwa na elimu huua. Jambo hili linaafikiana na mafundisho ya Mtume (S.A.W.), kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha.

Basi alipofika katika mlango wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, aliandika kwa hadhari kubwa. Alieleza kuwa rovu si moja. Kuna la kuzaliwa nalo, ambalo alisema lisiguswe, na kuna linalompata mtu baadaye. Hili la pili nalo lina namna mbili: moja hufanana na uvimbe wa mafuta, na nyingine hufanana na uvimbe wa mshipa wa damu, ambao kuupasua ni hatari. Kwa kuwa macho peke yake hayatoshi kuzitenganisha, alielekeza kwamba lile dogo lichunguzwe kwanza kwa chombo chembamba mfano wa sindano. Likidhihirika kuwa ni la namna ya mafuta, tena halikushikamana na mishipa, ndipo liondolewe. Vyombo hivyo vya kuchunguzia alivichora katika saizi tatu: kikubwa, cha kati na kidogo.

Kuhusu saratani alikuwa mkweli zaidi. Alifundisha kuwa ikiwa changa, na ipo mahali inapoweza kuondolewa yote, kama vile kwenye titi, basi iondolewe. Lakini ikishakua na kukaa muda mrefu, alikiri kuwa yeye hakuwahi kuiponya, wala hakumwona aliyeiponya. Aidha, alijali sitara ya wanawake. Katika matibabu ya sehemu zao za siri alielekeza atafutwe tabibu wa kike au mkunga hodari, aongozwe hatua kwa hatua. Hakuona kuwa haya ni sababu ya kumwacha mgonjwa bila tiba.

Mwisho wa maisha yake uligubikwa na fitina. Kuanzia mwaka 1009 vita vya kugombania utawala viliivuruga Cordoba, na Madinatuz-Zahra ikaporwa na kuharibiwa. Az-Zahrawi alifariki karibu na mwaka 1013. Mji wake uligeuka magofu, lakini elimu yake ilibaki. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, na madaktari wa Ulaya wakaitegemea kwa karne kadhaa.

Ni haki tuseme kuwa Az-Zahrawi hakuwa na hadubini, na hivyo hakuweza kuziona seli. Hatua hiyo ilikuja baadaye sana. Mwaka 1930 Martin na Ellis wa New York walichapisha maelezo ya kufyonza chembe za uvimbe kwa sindano na kuzisoma kwa hadubini, na baadaye wataalamu wa Sweden wakaiendeleza njia hiyo kwa sindano nyembamba zaidi.

Leo kipimo chenyewe huchukua dakika chache. Daktari husafisha ngozi, huushika uvimbe, huingiza sindano nyembamba na kufyonza chembe kidogo. Chembe hizo hupakwa juu ya vioo, hutiwa rangi, kisha mtaalamu wa patholojia huzisoma. Huweza kutambua kama ni usaha, kifua kikuu cha tezi, uvimbe usio na madhara, saratani, au dalili za limfoma, ambayo ni saratani ya tezi za limfu. Kipimo hiki kina mipaka yake. Sindano yaweza kukosa mahali penye ugonjwa, na mara nyingi limfoma huhitaji tezi nzima itolewe ili aina yake ijulikane. Kwa hiyo jibu likiwa zuri na uvimbe ukaendelea kukua, mgonjwa arudi.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wa faida ya kujua kabla ya kukata. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Dk. Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa mataya. Mwaka 1958 aliutangaza ugonjwa huo, ambao baadaye ulithibitika kuwa ni limfoma. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini wakiuliza habari zake hospitali kwa hospitali, na ikadhihirika kuwa umeenea zaidi katika nchi za joto na mvua na ni nadra katika nyanda za baridi. Tena ilionekana kuwa unatibika kwa dawa. Kwa hiyo kumkata mtoto taya kabla ya kuujua ugonjwa wake ni kumwumiza bure.

Familia ya Igowole, katika baridi ya Mufindi, isidhani kuwa habari hii haiihusu. Nyanda za Juu Kusini zimelijua rovu kwa miaka mingi kwa sababu ya upungufu wa madini joto, na kifua kikuu cha tezi na limfoma za aina nyingine hazichagui hali ya hewa. Wapo wanaoamini kuwa uvimbe ukichomwa sindano saratani husambaa. Jambo hilo ni nadra mno, ilhali kuchelewa ndiko kunakoua wengi. Wapo dada zetu wanaoficha uvimbe wa titi kwa haya, na wapo wazazi wanaochanjia tezi ya mtoto kwa wembe. Hao wa mwisho wanarudia kosa la yule tabibu wa Cordoba.

Uvimbe uliokaa zaidi ya wiki mbili au tatu, au unaokua, uonyeshwe hospitalini, iwe Mafinga, Iringa au Mbeya. Pasipo na mtaalamu wa kuvisoma vioo, vioo vyaweza kusafirishwa. Mwanamke aombe kuhudumiwa na daktari wa kike, na akikosekana, dharura ina hukumu yake katika sheria yetu.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Nayo dawa hutafutwa kwa kuujua ugonjwa kwanza. Mwenyezi Mungu amrehemu Az-Zahrawi, awaponye wagonjwa wetu na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.