David Livingstone: Daktari aliyeishi miaka 29 na mfupa usiounga, na siku zake 80 kitandani Kabambare

Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, iliwahi kumhifadhi mgonjwa ambaye habari zake zilikuwa zikisubiriwa kwa hamu na magazeti ya London. Alikuwa daktari na mmisionari kutoka Scotland, David Livingstone. Aliingia hapo Septemba 21, 1869, mahali ambapo yeye katika maandishi yake alipaita Bambarre, na kwa karibu mwaka mmoja na nusu alirudi hapo kila safari ilipomshinda.

Wengi wanamkumbuka kwa ramani alizochora na kwa kupinga biashara ya watumwa. Habari isiyosimuliwa sana ni ya mkono wake wa kushoto, ambao mfupa wake ulivunjika mwaka 1844 na haukuunga sawasawa hadi alipokufa. Maisha ya mkono huo yanaonyesha jinsi tiba ya mifupa ilivyokuwa zamani, na kile kilichohitajika ili leo nyonga iliyovunjika iweze kutengenezwa kupitia tundu dogo.

Kutoka kiwandani hadi udaktari

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, Blantyre, Scotland, katika familia ya kipato cha chini. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na masomo aliyapata baada ya saa za kazi.

Mwaka 1836 alianza kusomea udaktari mjini Glasgow. Alipata leseni yake katika mji huohuo Novemba 1840, na kabla mwaka haujaisha akapanda meli kwenda Afrika Kusini.

Simba wa Mabotsa

Februari 16, 1844, katika kijiji cha Mabotsa, kaskazini mwa Afrika Kusini ya leo, wanakijiji walitoka kuwasaka simba waliokuwa wakila mifugo yao. Livingstone alimpiga mmoja risasi, lakini kabla hajamaliza kujaza tena bunduki yake, simba huyo alimrukia, akamkamata karibu na bega na kumtikisa kama mbwa anavyomtikisa panya.

Mwalimu wa dini, Mebalwe, alilenga bunduki kumwokoa. Bunduki iligoma. Simba alimwacha Livingstone akamng'ata Mebalwe pajani, kisha akamjeruhi begani mtu wa tatu, ndipo akaanguka na kufa kwa risasi alizokuwa nazo mwilini.

Livingstone alibaki na majeraha 11 ya meno, na mfupa wa juu wa mkono wake wa kushoto ulikuwa umesagika vipande. Hapakuwa na daktari mwingine wa kumtibu, hivyo yeye mwenyewe alisimamia kuungwa kwa mfupa wake.

Kidonda kilipona, lakini mfupa ulikataa kuunga. Pale ulipovunjika palibaki panacheza, hali ambayo madaktari huiita kiungo cha uongo. Tangu hapo alishindwa kuunyanyua mkono huo juu ya bega, na hata namna ya kushika bunduki alilazimika kuibadili.

Alikwenda kuuguza mkono Kuruman, na huko ndiko alikomchumbia Mary Moffat, binti wa mmisionari mwenzake. Walioana Januari 1845.

Mambo matatu yaliyokosekana

Siku simba anamng'ata, udaktari ulikuwa haujapata mambo matatu ambayo leo hakuna upasuaji wa mifupa unaofanyika bila hayo.

La kwanza ni dawa ya usingizi. Ilionyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, Oktoba 1846, zaidi ya miaka miwili baada ya Mabotsa. La pili ni usafi unaoua vijidudu. Joseph Lister alianza kutumia dawa ya asidi ya kaboliki kwenye mifupa iliyovunjika na kutoboa ngozi mwaka 1865, akatangaza matokeo yake 1867. Alifanya kazi hiyo Glasgow, mji uleule uliompa Livingstone leseni. La tatu ni eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895.

Bila mambo hayo, aliyevunjika mfupa mkubwa alifungwa mabanzi na kusubiri. Jeraha likioza, mara nyingi kilichobaki kilikuwa kukata kiungo au kufa.

Siku 80 ndani ya kibanda

Livingstone alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1869 akiitafuta chemchemi ya mto Nile. Alikuwa ameshaugua sana mapafu mapema mwaka huo, hata akabebwa kwa machela hadi Ujiji kwa msaada wa mfanyabiashara Mohamed Bogharib.

Katikati ya mwaka 1870 alitoka Kabambare akiwa na wasaidizi watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Njia ya matope na mvua ilimtia donda ndugu kwenye miguu. Julai 22 alirudi akichechemea, na hakutoka tena kibandani mwake hadi Oktoba 10. Zilikuwa siku 80.

Dawa iliyomfaa alielekezwa na Bogharib: jiwe la kijani la malakiti, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Daktari mwenye leseni ya Glasgow alitibiwa kwa maarifa ya njia za misafara, tena na mtu aliyeshiriki biashara ambayo yeye Livingstone alitaka ikomeshwe.

Februari 1871 aliondoka, akafika Nyangwe, kando ya mto Lualaba katika eneo la Kasongo la leo, mwishoni mwa Machi. Hapo, Julai 15, alishuhudia watu wa misafara wakiwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni. Habari alizoandika kuhusu mauaji hayo zilisaidia kuisukuma Uingereza kumbana Sultani wa Zanzibar, na soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873.

Mfupa uliomtambulisha London

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walizika moyo wake hapo, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo.

Ulipofika London, Aprili 1874, uso haukutambulika tena. Daktari mpasuaji Sir William Fergusson aliuchunguza mkono wa kushoto, akaukuta mfupa uliovunjika na kiungo chake cha uongo. Hapo shaka ikaisha. Livingstone alizikwa Westminster Abbey Aprili 18, 1874.

Fergusson mwenyewe alijulikana kwa kutetea upasuaji unaookoa kiungo: kuondoa sehemu iliyoharibika ya goti au nyonga badala ya kukata mguu mzima.

Wazo hilo lilisonga mbele mara dawa ya usingizi, usafi na eksirei vilipokutana. Mwaka 1932, Sven Johansson wa Sweden alieleza namna ya kuunga shingo ya mfupa wa paja bila kuifungua nyonga: anatanguliza waya mwembamba huku eksirei ikimwonyesha njia, kisha msumari wenye tundu katikati unapitishwa juu ya waya huo. Mwaka 1939, Gerhard Küntscher wa Ujerumani aliingiza chuma kirefu ndani ya mfupa wa paja kupitia mchano mdogo ulio mbali na mvunjiko. Upasuaji wa matundu madogo wa leo unafuata njia hizo.

Kwa mkazi wa Kasongo au Kabambare anayeanguka kutoka mchikichini au kwenye pikipiki, funzo ni la saa, maana nyonga haisubiri kama mkono. Ikiteguka, mishipa inayolisha kichwa cha mfupa wa paja inaweza kubanwa, na madaktari hutaka irudishwe mahali pake ndani ya takriban saa sita. Mguu usivutwe wala kukandwa njiani. Ufungwe usicheze, na mgonjwa apelekwe moja kwa moja hospitali yenye eksirei na mtaalamu wa dawa ya usingizi.

Livingstone aliweza kutembea maelfu ya kilomita kwa sababu kilichovunjika kilikuwa mkono. Kama simba angemshika nyonga, asingefika Kabambare.