Abdus Salam na upweke wa Lahore

Ndugu zangu, rafiki yangu wa fizikia hapa Bujumbura huniuliza: abaki au aondoke? Mimi humsimulia Abdus Salam, mzaliwa wa Jhang, 1926. Mwaka 1951 alirudi Lahore kufundisha, akakosa wenzake wa kutafiti chembe ndogo kabisa za maada. Chuo kikamkabidhi timu ya mpira. Mwaka 1954 akarejea Cambridge, lakini uraia wa Pakistan hakuuacha. Mwaka 1964 alianzisha kituo Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi maskini wajifunze kisha warudi makwao. Nobel aliipata 1979, akafariki 1996. Leo Kigali, kwa jirani zetu, ipo taasisi inayoshirikiana na kituo hicho. Namwombea rafiki yangu safari fupi, na marejeo, inshallah.