Mwalimu Nyerere: Kung'atuka kulikohamishia ofisi nyumbani

MWALIMU Julius Kambarage Nyerere alipomkabidhi Ali Hassan Mwinyi urais Novemba 5, 1985, kitendo hicho kilijulikana kwa neno la kwao Uzanaki: kung'atuka. Wengi walitarajia kuwa mzee angerejea kijijini Butiama, mkoani Mara, akapumzike. Alirejea kweli, lakini kazi nayo ilimfuata huko huko. Katika miaka iliyobaki ya uhai wake, nyumba ya Butiama ikawa pia ofisi.

Hali hiyo haikuwa ngeni kwake. Alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, akiwa mtoto wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki. Katika mji wa mtemi hapakuwa na mpaka kati ya nyumbani na kazini, kwani wenye mashauri walifika pale pale walipokula na kulala watu wa familia.

Akiwa mwalimu katika Shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, alibeba kwa muda kazi mbili: ualimu na uongozi wa TANU, chama kilichoanzishwa Julai 7, 1954. Machi 1955 ilimbidi kuchagua moja, akaacha kufundisha. Alirudi kwao Mara kwa miezi kadhaa, akawa anawafundisha Kizanaki wamisionari wa Maryknoll, kisha akarejea Dar es Salaam kuendeleza harakati za uhuru.

Alipokuwa Rais alijitahidi kutenga mambo hayo mawili. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 aliishi katika nyumba yake ya Msasani, ufukweni mwa bahari, na Ikulu ikabaki mahali pa shughuli za dola. Hata hivyo, wageni na mashauri ya nchi havikukoma kumfikia Msasani. Kimbilio lake kimojawapo lilikuwa lugha. Mwaka 1963, wakati taifa likiwa changa na majukumu yakiwa mengi, ilichapishwa tafsiri yake ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi.

Baada ya 1985 mzigo haukupungua kwa kiasi kilichotazamiwa. Aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi Agosti 1990, na kuanzia 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Kusini iliyochunguza matatizo ya nchi zinazoendelea. Viongozi, wanazuoni na wanakijiji walipiga hodi Butiama, kila mmoja na lake.

Mwalimu hakuwa na mlango wa ofisi wa kufunga jioni, lakini alikuwa na mambo ambayo hakuyaacha. Alihudhuria misa, alishika jembe na kuangalia mifugo yake, na alicheza bao. Mwenye kete mkononi hana budi kuhesabu mashimo. Akili ikitangatanga kwenye mambo ya serikali, mwenzake anamla. Alitunga pia tenzi zilizosimulia Injili kwa Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996.

Mwaka huo huo aliitwa tena kazini. Burundi ilikuwa ikiteketea, naye akiwa msuluhishi aliwakutanisha wajumbe wa vyama vya UPRONA na FRODEBU mjini Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, Aprili na Juni 1996. Mazungumzo hayo hayakuzaa amani, na Julai 25 Meja Pierre Buyoya akatwaa madaraka kwa mapinduzi. Mwalimu, aliyekuwa na umri wa miaka 74, hakukata tamaa. Juni 1998 mazungumzo mapya yalifunguliwa Arusha chini ya uongozi wake.

Mwaka huo wa 1998 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Aliendelea na usuluhishi hadi mwili ulipokataa. Alifariki dunia Oktoba 14, 1999, katika Hospitali ya St Thomas, London, akazikwa Butiama Oktoba 23. Nelson Mandela alishika nafasi yake, na mkataba wa amani ya Burundi ukatiwa saini Arusha Agosti 28, 2000.

Siku hizi wapo wakazi wengi wa Mwanza, kuanzia Bwiru hadi Nyegezi, ambao meza ya chakula ndiyo meza ya kazi, na simu huita hata usiku wa manane. Kwao, maisha ya Butiama yana mafunzo mawili. Kwanza, anayefanya kazi nyumbani hupumzika vizuri zaidi akiwa na shughuli nyingine inayomtaka mzima mzima, iwe shamba, sala au bao. Pili, hata kazi kubwa ya kuokoa maisha ya watu ilipata mtu wa kuiendeleza, aliyeihitimisha miezi kumi baada ya Mwalimu kuzikwa.